Chai ya Bi Mwanaidi Ilinuka Dawa

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Pangani, nimekalia pipa tupu la klorini huku mvua ikipiga bati la mtambo wa maji.

Leo asubuhi nimefunga pampu mpya ya kutilia dawa kwenye maji. Nikaweka kipimo kama kitabu chake kinavyosema, nikatembea kifua mbele. Saa nne mwendesha mtambo, Bi Mwanaidi, akanimiminia chai ya maji ya bomba la hapa hapa.

"Kunywa, mwanangu."

Nikaonja. Ilinuka dawa hata tangawizi haikusikika.

"Salamu ulinipa vizuri," akasema, "ila hukuniuliza dawa naikorogaje."

Kumbe pampu ya zamani ilikuwa imechoka, haivuti, naye akawa anakoroga unga wa klorini maradufu ili maji yasafike. Mimi nikaipa pampu yenye nguvu zake mchanganyiko ule ule. Tukafunga valvu maji hayajafika mjini, tukakoroga upya, tukachemsha birika la pili. Chai hiyo tuliinywa na mkate wa kumimina mpaka sinia likabaki jeupe.

Mama, mwezi uliopita nilifunga pampu kama hii huko kwetu. Ukaniambia chai ina dawa, nikakujibu pua yako imezeeka. Nisamehe. Jumamosi nikifika, usiniandalie chakula. Nipe kwanza kikombe cha chai, ndipo nifungue boksi la spana.

Mwanao anayekupenda,
Rajabu