Bati la Kopo la Maziwa

Mama Leonce,

Uji nimeufunika jikoni. Fungulia kuku. Injini iliyo kwenye gunia pale uani mtu asiiguse, na oili ya kwenye karai isimwagwe.

Jana wodini nilimwambia Leonce, wagonjwa wote wakisikia, kwamba ameniulia gari kwa mbio zake na asirudi kwangu na huo mguu uliovunjika. Ukatangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Asubuhi hii nimefungua injini ya ile Datsun ya mashindano, nikuonyeshe kosa la mwanao. Krenkshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imeungua sehemu moja tu. Oili ilikuwa tele. Nyuma ya beringi inayoushika mhimili huo nimekuta kipande cha bati la kopo la maziwa, kimehama na kuziba tundu la oili. Ndiyo maana injini ilikwama ghafla kwenye mteremko wa Matogoro, gari likamshinda.

Bati nililikata mimi kubana beringi iliyolegea, miaka ile spea hazipatikani. Siku hizi beringi mpya zimejaa madukani, nami nikasema langu bado linashika. Mwezi mzima Leonce ananiambia, "Baba, injini inagonga." Nikamwita mwoga.

~~Usimwambie kitu. Nitalitengeneza gari kimya kimya.~~

Hapana. Nakwenda hospitali sasa hivi, bati ninalo mfukoni. Nitamwekea mkononi mwenyewe.

Mchana leta chakula cha mtu mmoja. Ukinikuta nimekaa nje ya wodi, ujue amekataa kuniona. Unipite tu, uingie kwake. Usiniombee msamaha.

Baba Leonce