Kitambaa Cheupe cha Ha Mpesi

Maseru, 3 Mei

Mama mpendwa,

Komeo la mlango wako bado linalia masikioni mwangu: kra! Hujambo lakini? Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila sauti hiyo hainitoki. Nilikuja kukuonyesha droni ninayoirusha kazini, wewe ukajifungia ndani na mkwe wako Keneuoe. Ulisema umeziona kwenye televisheni ya dukani, zikibomoa nyumba za watu. Ulichokiona ni kweli, Mama. Lakini yangu hubeba dawa tu. Keneuoe atajifungua Juni. Theluji ikifunga njia, wewe mkunga utapata wapi dawa ya kuzuia damu? Ukikubali, simika mti wenye kitambaa cheupe nyuma ya nyumba, kamera yangu ikione inapopita na upepo niujue.

Binti yako,
Lineo

Ha Mpesi, 19 Juni

Mwanangu Lineo,

Tu wazima, kifua kimetulia. Njia ilifunguka jana tu. Sikukujibu kwa hofu, na kwa kiburi pia. Theluji ilipotufungia, nikamtazama Keneuoe, nikasimika kitambaa.

Lo! Msomi wangu, umesahau kitambaa cheupe kwetu kinatangaza nini? Kabla ya saa nne wanywaji wote walikuwa uani, kila mtu na kopo lake. Mzee wetu Ntate Tseko akapaza sauti, "Mama Lineo, pombe iko wapi?"

"Inashuka kutoka mbinguni. Subiri!"

Mara ndege yako ikavuma. Watu wakalala kifudifudi thelujini. Ntate Tseko peke yake akainua kopo. Ikadondosha kisanduku, ikaenda zake.

"Hiyo tu?" akauliza, kama aliyepunjwa.

Keneuoe amezaa msichana. Damu ilimtoka nyingi, Lineo. Dawa ilikuwepo.

Ng'ambo ya mto bado wanafunga milango wakiisikia ndege yako. Televisheni yao ni ile ile. Ila habari za makopo usimwambie mtu.

Mama yako

Maseru, 2 Julai

Mama,

Mtoto hajambo? Keneuoe ameanza kutembea? Nimecheka hadi nikalia.

Miezi yote hii nimewaeleza watu mashine: uzito wake, mwendo wake. Hakuna aliyefungua mlango. Nimewafikiria wale wa ng'ambo, na wajawazito wao.

Nisamehe. Barua yako niliipeleka redioni. Ilisomwa jana asubuhi, yote, pamoja na makopo.

Mwanao,
Lineo