Mizani ya Samaki Haidanganyi

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini mawingu bado yamekaa juu ya mtaa wetu wa Ngezi.

Siku ya tano bila ngano, bila maziwa.

Mwanangu Dieume ana miaka sita. Tangu aache kunyonya amekubali vitu vitatu tu: mkate, chai ya maziwa na biskiti ngumu. Ukimletea kingine anaziba masikio. Ana otizimu, na neno hilo nililipata nikiwa nimeshaitwa mama wa mtoto wa mashetani kanisani, sokoni, hata na ndugu za baba yake. Akina mama wenye watoto kama wangu, wa kundi letu la simu, wakaniambia: toa ngano na maziwa, atatulia. Daktari alisema hakuna uhakika, ila nikijaribu nimpime uzito.

Kusema kweli, sikuanza kwa ajili ya utulivu tu. Mara ya mwisho tulipokimbia risasi tulikaa parokiani siku mbili, na siku mbili alilia mkate ambao hakuna aliyekuwa nao. Mtoto anayekula vya dukani peke yake hawezi vita.

Mizani ninayo, maana nauza samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani. Namtia Dieume ndani ya gunia, namning'iniza kwenye ndoano, anacheka. Jumapili: kilo 17 na gramu 400. Toka hapo nakaa mbele yake na daftari, naandika. Wali, sifuri. Ndizi, sifuri. Fufu, matonge matatu, mawili akayatema.

Leo asubuhi: kilo 17 na gramu 400.

Samaki mkavu asipopungua kilo, kuna mtu amemnyunyizia maji.

Nikamfikiria Mama Mukubwa, dada ya mama yangu, aliyekimbia vita huko Djugu akaja kukaa kwangu. Hasira ikanipanda. Nimempa chumba, nimempa blanketi, naye anampa mtoto wangu mkate nyuma ya mgongo wangu!

Saa sita nikaingia jikoni bila kubisha. Alikuwa chini, anachambua maharage, amempa Dieume mgongo. Kati yao kulikuwa na sahani ya mihogo iliyolowekwa, ikaanikwa, ikachomwa kwenye makaa. Mikavu kabisa. Dieume akachukua kipande, kikavunjika kwa mlio uleule wa biskiti. Akala.

"Mama Mukubwa, unamupa chakula kwa siri?"

"Haiko siri. Njo hii tulikulaka mu pori tukikimbia vita. Iko na ngano ndani?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikaikagua ile sahani. Yeye akaendelea:

"Weye unamuhesabia matonge, mutoto anakuona. Kwetu mutu hahesabiwe matonge, mama. Mugeni ukimuhesabia, analala njaa. Ata miye ukinikalia mbele na ile kaye yako ya kuandikia, siwezi kumeza."

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Nami, niliyejenga kila nilicho nacho kwa hesabu, nikaokota maharage.

Jioni nikajaribu mwenyewe. Nilimpa kipande mkononi, nikamtazama. Akaziba masikio. Ndipo nilipogundua midomo yangu inacheza: moja.

Hilo ndilo linalonisumbua. Anakula kwa Mama Mukubwa tu, na Mama Mukubwa anasema barabara ikitulia anarudi shambani kwake. Haitatulia upesi: leo samaki hawakufika, na madereva wanasema kumepigwa risasi upande wa ziwa. Je, tukikimbia tena na watu wakatawanyika, Dieume akabaki na mimi tu, atakula?

Daftari nimeliweka juu ya kabati. Mizani itangoja Jumapili.

Kesho nitaweka sahani chini, nigeuke, nichambue maharage. Sitahesabu. Nitasikiliza tu kama kuna kitu kinavunjika.