Chai ya Sunita

Jumanne, Toongabbie

Bado sijui kama nilifanya vyema kunyamaza.

Leo kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huku ugenini, bibi mmoja wa Kihindi tunayemtunza alikataa chai ya Sunita, mwenzangu wa zamu, ambaye pia ni Mhindi. Bibi alikuwa amemuuliza Sunita jina la ukoo tu. Nilipompelekea chai ileile mimi, aliinywa na kunishukuru.

Nimezoea kukataliwa mimi, kwa weusi wangu. Sunita ni mweupe kuliko bibi mwenyewe.

“Kwetu wanadhani mweusi ndiye wa tabaka la chini,” Sunita aliniambia jikoni. “Mama alifurahi nilipozaliwa na rangi hii. Lakini jina la ukoo hutaja tabaka, nalo halifichiki.”

Nikasema twende kwa meneja. Akanishika mkono. “Tafadhali, dada. Wahindi wengine hapa kazini hawajui tabaka langu; wananijua kwa jina la kwanza tu. Wakijua, nitakuwa nakula peke yangu.”

Nikamwahidi. Sasa roho haitulii. Nikisema, nitamwanika. Nikinyamaza, kila siku chai nitapeleka mimi, na Sunita akitazama...

Kesho tuko zamu moja tena. Naogopa bibi atanichekea, nami, kwa mazoea, nitamchekea.