Glasi Mbili Barazani

Gesti ya Shamba la Ngano, Basotu
9 Machi 1986

Dada Natalia,

Shikamoo. Mimi mzima, ni macho tu yanawasha kwa vumbi. Sijui ninyi hapo Gitting, na mwanangu Odilia, kama shule anaendelea nayo vizuri.

Mwaka unaisha sasa tangu trekta impindukie marehemu mume wangu Gervasi, na tangu shamba wanipe hii kazi ya gesti. Kupika nimezoea. Kulala peke yangu sijazoea. Hapa ukitoka nje unaona ngano, ukigeuka unaona ngano, halafu Mlima Hanang umekaa kule mbali kama mtu asiyetaka kusogea.

Nina ombi. Mke wa yule mtaalamu wa mbegu, Mama Doroti, amenifundisha kinywaji cha kwao. Jini ndiyo yenyewe, lakini kazi iko kwenye matunda. Unamenya ganda la balungi jembamba, bila ule weupe, maana weupe una uchungu mbaya. Unaliponda na sukari mpaka sukari ilowe. Unakamua balungi lenyewe, unatia barafu, jini kidogo, kisha yale maji ya kwinini ya chupa yenye gesi kama soda. Mwisho unapasua pasheni na kumimina juu, mbegu zake zinaelea. Ulimi unaanza na utamu, uchungu unafika baadaye. Siku ya jua kali kinapoza mpaka kifuani.

Mabalungi dereva Gidamis analeta kutoka Magugu. Pasheni ndizo hazipatikani. Zile za uani kwako zimeiva?

Mdogo wako,
Perpetua


Gitting
30 Machi 1986

Mdogo wangu Perpetua,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imeanza vizuri.

Niliposoma "jini" nilishtuka, nikamwita Odilia anisomee tena. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa nimeelewa ni pombe, na sijui kama hiyo ni afadhali.

Nimempa Gidamis kikapu cha pasheni. Zilizokunjamana usizitupe, ndizo tamu. Wapikie wenye gesti yao, ndiyo kazi yako. Wewe usionje. Baba alianza kwa kuonja, unakumbuka tulivyokuwa tunamfuata njiani sisi wawili, wewe umeshika kofia yake.

Odilia anasema umletee kalamu ile ya rangi mbili. Mimi sijui ni kitu gani.

Dada yako,
Natalia


Basotu
15 Juni 1986

Dada,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Pasheni zilifika, mbili tu zilipasuka njiani. Kalamu ya Odilia nimeifunga humu.

Kuonja lazima nionje, dada, kila balungi lina uchungu wake. Kijiko kimoja tu.

Mama Doroti mume wake anashinda mashambani na kombaini zake za kuvunia. Yeye anakaa barazani na kitabu ambacho hafungui. Juzi alinivutia kiti. Nikasema, "Mama, mimi nina vyombo." Akasema kwa Kiswahili chake, "Vyombo hapana kimbia." Basi nikakaa. Alitengeneza yeye safari hii, akanipa na mimi glasi. Aliniambia alizika mtoto kabla ya kuja huku, wa miaka minne. Nikamwambia habari za Gervasi. Maneno mengine hatukuelewana, lakini tulikaa mpaka jua likaingia kwenye ngano.

Ni mara ya kwanza mwaka huu mtu kuniuliza Gervasi alikuwa mtu wa namna gani.

Mkataba wao unakwisha Agosti.

Mdogo wako,
Perpetua


Gitting
5 Oktoba 1986

Perpetua,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu, mbili hukujibu. Gidamis anasema wageni wameondoka na gesti ni tupu, na kwamba ukimfungulia mlango huzungumzi. Unaumwa?

Odilia atapokea Komunyo ya kwanza Jumapili tarehe 16 Novemba. Nguo nimeshashona. Utepe wa kichwa amekataa nimfunge mimi, anasema atafungwa na mama yake.

Usikose.

Dada yako,
Natalia


Basotu
23 Novemba 1986

Dada Natalia,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Nilikunywa kabla ya kupanda gari. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikasema ninywe utulie, nisije nikashindwa kufunga utepe. Utepe nilishindwa hata hivyo. Halafu nikaanguka kanisani mbele ya watoto wote wamevaa nyeupe. Nakumbuka uso wa Odilia. Nakumbuka ulivyonishika bega ukanitoa nje ukasema, "Nenda, na usirudi hapa." Sikulaumu.

Mama Doroti alipoondoka nilibaki na funguo na kabati la pombe. Kila jioni nilitengeneza glasi mbili, ya kwake nikaiweka mbele ya kiti chake. Nilikunywa yangu, kisha ya kwake. Pasheni zilipokwisha nikaacha pasheni. Mabalungi yalipokwisha nikaacha mabalungi. Sukari ilipokwisha nikaacha sukari. Sasa hata barafu siweki.

Mwambie Odilia mama yake alikuwa anaumwa. Siyo uongo.

Perpetua


Gitting
18 Januari 1987

Mdogo wangu,

Marahaba. Imenichukua wiki nane kuitikia.

Nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha nikabaki na aibu. Neno lile sikulisema kwa ajili ya Odilia. Nililisema kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na mimi ni dada wa Perpetua, binti wa yule mlevi. Ulipokwenda mpaka barabarani peke yako na viatu mkononi, nilikuwa nakuona. Ningeweza kukuita.

Barua zako za Machi na Juni nimezisoma upya. Ulikuwa unaniambia uko peke yako, na mimi nikakutumia pasheni.

Odilia haulizi habari zako tena. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Njoo. Mahindi yanataka palizi na mimi nina mikono miwili tu. Chumba cha mama kiko wazi.

Dada yako,
Natalia


Basotu
8 Februari 1987

Dada,

Shikamoo. Funguo nimerudisha kwa meneja. Leo siku ya tisa sijaonja kitu. Mwandiko unaona mwenyewe.

Jumamosi tarehe 21 nitapanda gari la Gidamis, nishuke njiapanda ya Gendabi. Usije na watu. Njoo na Odilia, kama atakubali.

Mdogo wako,
Perpetua


Njiapanda ya Gendabi
Jumamosi, 21 Februari 1987

Perpetua,

Nakuandikia hapa hapa barabarani, karatasi iko juu ya goti.

Gari limefika saa nne. Tumetazama wote wakishuka mpaka wa mwisho, mzee mmoja na mbuzi wake. Gidamis anasema alikuona asubuhi kituoni Basotu, umekaa juu ya sanduku lako. Alipiga honi mara mbili. Ulimtazama, hukuinuka. Nimemwuliza kama ulikuwa umelewa. Akasema, "Hapana, alikuwa anaogopa."

Odilia amekubali kuja, alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Anasema labda hukusikia honi.

Hapa kuna lori la mafuta ya shamba linaelekea Basotu, dereva anasubiri nimalize nimpe hii barua akuletee. Nilitaka kukuandikia kwamba Jumamosi ijayo tutakuja tena kukungoja, na inayofuata.

Nimemwuliza huyu wa lori kama ana nafasi mbele. Anasema ipo, mtoto atakaa mapajani.

Basi barua simpi. Naileta mwenyewe.

Dada yako,
Natalia