Pumzi ya Chevrolet

Mbale, 16 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Natumaini goti lako limetulia na baridi ya ziwa haikusumbui. Mimi ni mzima, ingawa hapa bwenini leo ni maharage na kesho ni ndugu zake maharage.

Masaba, dereva wa teksi anayetuletea barua, ameniambia kwamba Mjomba Jamiru amepata mnunuzi wa vyuma chakavu, na Chevrolet ya marehemu Babu itakatwa Idi ikipita. Bibi, tafadhali usikubali bado.

Juzi Mwalimu Ojwang alitufundisha kuhusu kabureta, mahali ambapo hewa na petroli hukutana kabla ya kuingia kwenye injini. Hakuna anayeisukuma petroli, Bibi! Hewa ikipita mbio kwenye koo jembamba, petroli inapanda yenyewe kuifuata. Nilibaki mdomo wazi. Kisha nikakumbuka jinsi gari letu linavyohema kwenye kila mlima, hadi mwenye baiskeli na mikungu ya ndizi anatupita. Je, kama si uzee? Kama ni koo?

Kabureta huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Ikiwa imefifia, weka karatasi juu yake, ulaze penseli na kusugua polepole. Namba itajitokeza. Naomba unitumie.

Mjukuu wako,
Rahmah

*

Kimaka, Jinja, 23 Februari 2025

Mke mwenzangu Rahmah,

Waaleikum salaam. Goti lipo, na mimi nipo, tunavumiliana.

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kufungua boneti ile. Babu yako alikuwa akisema, "Nulu, wewe una jiko lako, na mimi nina langu." Basi jana nimeingia jikoni kwake. Nimeinua ule mfuniko unaofanana na sufuria, nikakuta panya wamehamia humo na familia yao. Nikawafukuza, nikasugua karatasi yako.

Jamiru akanikuta nimeinama, gauni lote masizi. "Mama, unatafuta nini humo?"

"Namba ya simu ya baba yako."

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema kwa upole, "Mama, gari limechoka. Hata Bugembe hapo halifiki bila kupumzika. Tuliache liende."

Nimempa sharti: likifika Mbale kwa nguvu zake lenyewe, linabaki. Likishindwa, alikate, na sitasema neno. Amekubali haraka mno, kama mtu anayejua ameshashinda. Kwa hiyo, binti, usinifedheheshe. Karatasi ni hiyo.

Bibi yako,
Nulu

*

Mbale, 9 Machi 2025

Bibi yangu mfungaji,

Ramadhani karimu. Umeamkaje na saumu? Mimi nafunga pia, na namshukuru Mungu kwamba sasa maharage nayaona mara moja tu kwa siku.

Mwalimu Ojwang aliniruhusu kuingia chumba cha kompyuta. Nilitafuta namba ile mpaka macho yakauma, na nilipoipata nilisimama bila kujua. Bibi, kabureta hiyo si ya Kimarekani hata kidogo! Ni ya gari dogo la silinda nne. Injini ya Babu ina silinda nane, na ilizaliwa na kabureta yenye midomo miwili. Hii ina mmoja, tena mwembamba. Ni kama kumnywesha fahali kwa kijiko.

Mwalimu anasema lazima kuna bamba chini yake, maana matundu yake hayawezi kulingana na ya injini. Naomba fundi Omollo wa Bugembe aifungue aone. Nimeona pia zenye midomo minne. Tuweke minne!

Mjukuu wako,
Rahmah

*

Kimaka, 23 Machi 2025

Mke mwenza mwenye tamaa,

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Omollo amefungua, na bamba lipo. Limechongwa kwa tupa, kwa mkono tu, na tundu lake ni duara kamili. Gereji nzima waliacha kazi, wakalipokezana kama mtoto mchanga. Omollo alilipitishia kidole mara nyingi, kisha akasema, "Mama, aliyefanya hivi alikuwa fundi kweli. Hakuwa na spea, akawa na subira."

Hapo nikakumbuka. Zamani babu yako aliliendesha kwa kasi hadi nikawa nagombana naye njia nzima. Halafu katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, maduka yakiwa matupu, ghafla akaanza kwenda taratibu. Mimi nikadhani ameanza kunisikiliza!

Kuhusu midomo minne, Omollo anasema, "Mwambie injinia wangu mlafi kwamba injini hii itapaliwa. Inatosheka na miwili." Shemeji yake Cliff, dereva wa lori, amemletea moja kutoka Kisumu, ya injini ya boti kuukuu. Matundu yamelingana. Atakuja kuifunga hapa uani siku moja baada ya Idi. Lakini mnunuzi naye anakuja siku hiyo hiyo, na mashoka yake. Tuombeane.

Bibi yako,
Nulu

*

Mbale, 6 Aprili 2025

Bibi,

Idi mubaraka, ingawa nimechelewa. U hali gani? Sijapata barua yako. Masaba amepita Kimaka na kukuta lango wazi, na gari halipo uani. Nimeshindwa kusoma.

Kama limekatwa, niambie tu, sitalia sana. Jumapili ijayo wazazi wanatutembelea. Njoo hata kwa teksi.

Rahmah wako

*

Mbale, 14 Aprili 2025

Bibi yangu,

Salaam aleikum. Nakuandikia leo kwa sababu jana watu walikuwa wengi mno.

Tuliisikia Chevrolet kabla ya kuiona. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, iliyotikisa vioo vya darasa. Mwalimu Ojwang, aliyekuwa akiwaandalia wazazi maelezo ubaoni, alitoka na chaki mkononi, akasahau kuirudisha. Mjomba kwenye usukani, na wewe kiti cha mbele, umejifunga mtandio wako mwekundu kama bibi harusi! Kumbe siku zote zile mlikuwa Bugembe mkiijaribu.

Ulipokuwa ukisalimiana na walimu, Mjomba aliniambia jambo. Omollo alipoiwasha, mnunuzi alikuwa tayari anashusha vifaa vyake. "Nilikuwa mtoto mdogo mara ya mwisho kusikia sauti hiyo," alisema. "Baba alikuwa akirudi kazini, nasi tunakimbilia lango." Kisha akageuka upande.

Halafu ukamwambia Mjomba atupandishe barabara ya mlima wa Wanale. Nilitega sikio kila kona, nikingoja gari lianze kuhema. Halikuhema. Mlima ulizidi kusimama, na injini ikawa inapumua tu, kwa utulivu, kama mtu aliyelala vizuri. Bibi, hewa ile ile ninayoivuta mimi ilikuwa inatubeba sisi watatu hadi juu ya Mbale nzima. Bado nashindwa kuamini kwamba jambo kama hilo lipo, na kwamba linaweza kueleweka.

Tuliposhuka huko juu, wewe ulikuwa unatazama bonde, kwa hiyo hukuona. Simu ya Mjomba ililia. Aliangalia jina, akanionyesha: mnunuzi. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Kisha akachomoa leso yake ya Idi, ile nyeupe, akaanza kufuta vumbi kwenye boneti, taratibu, kuanzia mbele.

Mjukuu wako,
Rahmah