Mpakiaji Hakutoka Kwenye Kifaru

Jumapili. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na milima imefunikwa ukungu. Kutoka hapa Mazimbu tunaona kijivu tu.

Moyo mzito.

Baba yuko kwangu tangu tumtoe kijijini Matombo kwa ajili ya matibabu. Anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi. Ujanani alikuwa dereva wa kifaru jeshini. Alikwenda vitani, akarudi. Hayo ndiyo tuliyoyajua nyumbani. Mama alifariki bila kusikia zaidi.

Mimi tangu nifiwe na mume wangu, Jumapili hucheza mchezo wa mezani wa mtu mmoja, alioniachia mwalimu mwenzangu aliyehama. Unaongoza kifaru chenye watu watano, kila mmoja na kipande chake ubaoni. Unarusha dadu, unasoma jedwali, jedwali linakwambia nani kapona. Dereva nilimpa jina la Baba. Sikudhani angekuja kuona.

Leo akavuta kiti.

"Nani anaendesha?"

"Wewe, Baba."

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka ilikuwa lini. Akaanza kunielekeza: hapo usisimame, kwenye mto usizime injini, mwambie mpiga mzinga aangalie kulia. Kwa muda nikawa na baba ambaye sikuwahi kuwa naye.

Halafu kombora likatupata, kifaru kikashika moto. Kanuni zinataka urushe dadu kwa kila mmoja, uone kama ametoka. Kamanda akatoka. Dereva akatoka. Mpakiaji, yule anayelisha mzinga makombora, hakutoka.

Nilikuwa nimeshaokota dadu kwa anayefuata, Baba akanishika mkono.

"Mvute."

"Kanuni haziruhusu, Baba."

"Mvute, nimesema! Anaita, humsikii?"

Kisha akasimulia, macho hayabanduki mezani. Mpakiaji wao aliitwa Salehe, kijana wa Pangani, mcheshi sana. Kifaru kilipowaka, Baba aliruka nje. Salehe alinasa mguu. Baba akageuka kumrudia. Kamanda akamkamata kwa nyuma, akamwangusha, akamlalia.

"Alikuwa anaita jina langu," akasema. "Baadaye akanyamaza."

Miaka yote hiyo. Ndiyo maana hata harusini kwangu alikaa kama mgeni.

Nikakichukua kile kipande cha mpakiaji kwa vidole, nikakiweka nje ya kifaru, kwenye nyasi zilizochorwa ubaoni. Nilidhani namfariji.

Baba akakitazama. Akakirudisha ndani, polepole.

"Siyo hivyo, mwanangu. Hivyo ni kujidanganya."

Nikamsaidia kwenda kujilaza. Nilipokuwa namfunika shuka, akafumbua macho.

"Kesho panga upya, urushe dadu. Labda atatoka."

Nimemjibu, "Sawa, Baba."

Amepitiwa na usingizi. Mvua bado inanyesha, nami nimekaa na dadu mkononi. Zikikataa tena, nitamwambia nini?